Meno ya Kipaza

Mtaa huu mzima hakuna jambo linalonipita mimi. Mtu akikohoa nyumba ya kumi, nakwambia ni kifua au ni uongo. Isipokuwa haya ya jirani yangu Kipaza, tunayegawana naye ukuta mmoja, nilikuja kuyajua wakati hata mbwa wa mwenye duka alikwisha kuyasikia na kuyachoka. Lakini chakula kilichopoa nacho ni chakula. Keti.

Kipaza ni mshereheshaji wa harusi. Kazi yake ni mdomo. Anasimama mbele ya watu na kipaza sauti, anawaita maharusi, anawataja wajomba kwa vyeo wasivyokuwa navyo, anawafanya mahasimu wacheze pamoja. Hata nyumbani hajui kuomba chumvi kama watu. Husema, "Na sasa, kutoka kule jikoni, tuipokee chumvi!" Mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Msusi kwa sababu ndiyo kazi yake, humtupia kopo bila kugeuka.

Basi harusi moja shangazi wa bwana harusi alicheza kwa viwiko. Kiwiko kikapiga kipaza sauti, kipaza sauti kikampiga Kipaza, na meno mawili ya mbele yakaaga dunia papo hapo. Shangazi hakukatisha hata wimbo.

Tangu siku hiyo mdomo wa Kipaza ukawa kama bomba lililotoboka. Akisema "sherehe" unasikia filimbi, na walio mstari wa mbele wanapata manyunyu. Bibi harusi mmoja alijipangusa uso mpaka mama yake akaja kumbembeleza, akidhani binti analia kwa uchungu wa kuondoka. Kipaza akanunua meno ya kuvaa na kuvua, yale ya sokoni. Yakamtoka katikati ya kuwakaribisha wazazi, yakatua juu ya keki, yakakaa pale yanacheka. Baba wa bibi harusi alikuja taratibu, kwa heshima zote, akamnyang'anya kipaza sauti na kumpa kijana wa muziki. "Pumzika, bwana," alimwambia. Hakuna neno lililomuuma Kipaza kama hilo "pumzika". Baada ya hapo simu yake ikawa inalia mara chache, na ikilia ni mtu amekosea namba.

Sasa, Kipaza na Msusi wote wanaishi na virusi vya UKIMWI, miaka mingi, na wanameza dawa zao. Si siri nyumbani mwao. Vidonge vinakaa kwenye kabati la vyombo karibu na majani ya chai, na asubuhi wanakumbushana kama watu wanaokumbushana kuzima jiko. Siku ya kwenda kuchukua dawa ndipo Kipaza aliposikia kwamba kuna watafiti hapo hospitalini wanatafuta watu wanaotumia dawa hizo na waliong'oka meno. Watawapandikizia meno ya kudumu, ya kuskrubu kwenye taya, bila malipo.

Alifika nyumbani anakimbia. Mke akadhani kuna moto.

*

Daktari wa meno alikuwa mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Alimwonyesha Kipaza picha ya taya lake.

"Unaona hapa, mzee? Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huona hauna kazi tena, unanyauka. Hapa pamebaki pembamba kama kisu. Nikiskrubu jino sasa hivi, litayumba."

"Kwa hiyo?"

"Tunaweka kwanza unga wa mfupa. Tunafunika kwa utando, tunashona ufizi, tunangoja ushikane na wako uwe mgumu. Halafu ndiyo tunaskrubu. Kama mtu anayemwaga zege kabla ya kusimamisha nguzo."

"Unga wa mfupa wa nani?"

"Wa ng'ombe. Umesafishwa, umeunguzwa, hauna nyama wala ugonjwa."

Kipaza alifikiri kidogo. "Na huo utafiti ni wa kutafuta nini?"

"Tunataka kujua kama kwa watu wanaomeza dawa hizi mfupa unashikana vizuri kama kwa wengine."

"Usiposhikana?"

"Tutaandika kwamba haukushikana."

"Mtaandika, na mimi nitakuwa nimekaa na pengo langu nasomwa!"

Daktari akacheka. Akamwambia kwamba wanatumaini utashika, ndiyo maana wanafanya. Ila kuna sharti moja. Mtu mwenye virusi, hata akimeza dawa bila kukosa, kuna saratani fulani fulani zinazopenda kumnyemelea kuliko wengine. Kwa hiyo hakuna anayeguswa taya kabla hajapimwa dalili za saratani. Chumba kinachofuata, leo hii hii, na akikosa hicho kipimo jina lake linakwenda kwa mwingine. Wanaotaka meno ni wengi kuliko meno.

"Kupimwa tu?" alisema Kipaza. "Mama, mimi nimezaliwa kupimwa."

Akaingia chumba kinachofuata. Mle alikuwamo tabibu kijana, kofia mpaka nyusi, barakoa mpaka macho. Akamwambia apanue mdomo. Kipaza akaupanua, na kwa kupanua mdomo hana mpinzani. Tabibu akamulika ulimi juu, ulimi chini, mashavu, koo.

"Huku safi. Hongera."

"Asante. Basi niende kwa mama wa meno?"

"Bado. Sasa teremsha suruali, panda kitandani, lala kwa ubavu, magoti uyalete kifuani."

Kipaza aliangalia kitanda. Akamwangalia tabibu. Akaangalia tena kitanda.

"Kwa ajili ya meno?"

"Kwa ajili yako, mzee wangu. Saratani hizi hujificha pia kwenye njia ya haja kubwa. Ni kidole tu chenye glavu na mafuta, halafu namulika kwa kifaa kidogo. Hata wimbo mmoja hauishi."

"Daktari," Kipaza alisema kwa utulivu mkubwa, "mimi nimeleta shida ya mlango wa mbele. Wa nyuma unafunga vizuri na kufungua vizuri. Sijapokea malalamiko."

"Kila mtu anasema hivyo," alisema tabibu, akashusha barakoa ili acheke vizuri, na hapo akamtazama. "Aaa! Mshereheshaji! Hunikumbuki? Si wewe uliyesherehesha harusi yangu? Mke wangu mpaka leo anaigiza ulivyomwita mama mkwe!"

Hilo lilikuwa kubwa mno. Kuonyesha makalio kwa mgeni ni jambo moja. Kuyaonyesha kwa bwana harusi wako mwenyewe, mtu uliyemwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba mwanamume ni heshima, ni jambo jingine. Kipaza alimpa mkono, akampongeza kwa ndoa yake, akaomba kwenda msalani mara moja.

Alikwenda msalani kweli. Ila msala wenyewe ulikuwa wa nyumbani kwake.

*

Msusi alikuwa mlangoni anasuka, kichwa cha mteja kimebanwa katikati ya magoti. Mama yake Kipaza alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu.

"Wamesemaje?" Msusi akauliza.

"Wataniwekea mfupa wa ng'ombe."

"Wa ng'ombe?" alisema mama yake. "Afadhali. Nilikuwa naogopa watakuwekea wa mtu mwingine mpayukaji kama wewe."

"Na vipimo?" Msusi akauliza. "Hapo hospitali siku hizi hawamgusi mtu kabla ya kumpima saratani."

"Nimepimwa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Juu mpaka chini, mbele mpaka nyuma. Daktari mwenyewe amesema tangu aanze kazi hajaona mtu msafi kama mimi."

"Huyo daktari hajaona soksi zako," alisema mama yake.

Mteja akacheka mpaka Msusi akamvuta nywele atulie. Lakini Msusi hakucheka. Alimwangalia mumewe anavyopita kwenda ndani haraka haraka, akarudi kwenye msuko wake, akaukosea, akaufumua.

Nikuambie kwa nini. Msusi ndiye anayefua nguo za nyumba ile. Kwa wiki kadhaa alikuwa anaona damu kwenye nguo za ndani za mumewe, si nyingi, matone tu. Mara ya kwanza Kipaza alisema ni bawasiri. Mara ya pili alisema ni pilipili. Mara ya tatu alianza kufua nguo zake mwenyewe, na mwanamume yule hajawahi kufua hata leso tangu aoe. Hapo ndipo Msusi alipoogopa hasa.

Kesho yake simu ya Kipaza ililia akiwa bafuni anaimba. Msusi akaipokea.

"Naomba kuongea na mwenye simu," ilisema sauti ya kike. "Tunamkumbusha miadi yake kwenye chumba cha utafiti."

"Miadi gani tena, mwanangu? Si alimaliza vipimo vyote jana?"

"Mama, mambo ya mgonjwa nazungumza na mgonjwa. Mwambie tu kabla ya wiki kwisha."

"Hukuniambia kitu, mwanangu," alisema Msusi. "Na nimekusikia."

Alikaa kitandani akamngoja. Kipaza alitoka bafuni na taulo kiunoni, anajitangaza mwenyewe: "Na sasa, kutoka bafuni…" Akaona simu yake iko wapi. Hakumalizia.

"Umewakimbia," Msusi alisema.

"Nani? Mimi? Daktari alisafiri ghafla."

"Jana amekusifu usafi, leo amesafiri."

"Alinisifu halafu akasafiri."

"Mume wangu," alisema Msusi, na sauti ilikuwa ya chini, ndiyo maana mimi huku ukutani ilinibidi nizime redio kabisa, "mimi ndiye ninayefua. Usinifanye mtoto. Bila hayo meno nitakuzoea, nimekwisha kukuzoea. Usipokuwepo wewe sitazoea."

Kipaza alikaa chini na taulo lake. Aliangalia vidole vya miguu.

"Wewe hujui wanachotaka," alisema mwishowe. "Yule kijana nimesherehesha harusi yake. Atakuwa anapita mtaani ananiona nimevaa suti, na yeye moyoni anajua."

"Anajua nini? Kwamba una makalio? Nani alidhani unakaa kwa kutumia kitu kingine?"

"Mimi ni mwanamume."

"Na sisi? Mimi kila mwaka naenda kupimwa saratani ya kizazi. Kila mwaka! Napanda kitandani, miguu juu, mbele ya nesi na taa kama ya uwanja wa mpira. Nimewahi kupiga kelele? Nashuka, navaa, narudi nasuka vichwa viwili kabla jua halijazama. Wewe kidole kimoja unakimbia kama umeona chatu!"

Hapo mlango ukafunguliwa. Mama yake Kipaza hajui kubisha hodi kwenye chumba cha mtoto aliyemzaa.

"Nimesikia," alisema.

"Mama! Nimevaa taulo!"

"Wewe tulia. Unajua ulivyozaliwa? Watoto wenzako walitanguliza kichwa, wewe ulitanguliza makalio. Mkunga, dada yangu, na mke wa jirani aliyekuja kuazima ndoo, wote waliyaona kabla hawajaona uso wako. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyeyasifu. Unamficha nani leo?"

Kipaza akafunika uso kwa mikono. Mama yake akasema kwa upole ambao hautoi mara kwa mara: "Baba yako naye alikuwa na haya, mwanangu. Alificha uvimbe mpaka ukamshinda kuficha. Mimi sitazika na mtoto kwa ajili ya haya."

Msusi alimsindikiza mpaka langoni mwa hospitali, amemshika kiwiko kama mtoto mtoro anayerudishwa shule.

*

Utaniuliza ya chumbani niliyajuaje. Kipaza alinisimulia mwenyewe, na pale haya zilipomshika akanyamaza, nimejaza mimi.

Tabibu alikuwa yule yule. Kipaza aliuliza kama hakuna mwingine, hata mzee, hata kipofu. Hakuna. Akateremsha suruali, akapanda, akalala kwa ubavu, magoti kifuani, uso ukutani. Ukutani kulikuwa na picha ya familia inayotabasamu, wote wana meno kamili.

"Mzee, tulegee," alisema tabibu.

Kipaza akiogopa mdomo wake hujiendea wenyewe. "Mabibi na mabwana," akaanza, akiuambia ukuta, "tunaomba utulivu, sasa tunaelekea kwenye sehemu muhimu ya shughuli yetu…"

"Pumua."

"…tuwapishe wageni rasmi waingie…"

"Mzee, ukinichekesha mkono utatetemeka."

Hilo lilimnyamazisha vizuri sana.

Hata wimbo haukuisha, kama alivyoahidiwa. Lakini tabibu alipomaliza kumulika hakucheka tena. Alimwacha avae, akamwekea kiti, akakaa mbele yake magoti kwa magoti.

"Kuna mahali pamoja sikupapenda. Ni padogo, kama punje ya mtama. Nimechukua kipande kwenda maabara. Nisingependa uanze kujizika kabla majibu hayajarudi, wala nisingependa usije kuyachukua."

"Nitakuja," alisema Kipaza. Bila filimbi, bila manyunyu. Aliisema kama watu.

Siku zile za kungoja majibu nyumba ile ilikuwa kimya mpaka mimi ukutani nikakosa usingizi. Hakuna aliyeitangaza chumvi. Chumvi ilikuwa inaombwa tu, "nipe chumvi," na Msusi anamkabidhi mkononi. Kwa mwaka mzima nilikuwa namwomba Mungu Kipaza apunguze kelele. Sasa nikajikuta naomba zirudi.

Majibu yalirudi. Haikuwa saratani, lakini ilikuwa njiani kuwa. Chembe zimeanza kupotoka, tabibu aliwaambia wote wawili. Zikiachwa miaka michache zinafika. Zimewahiwa. Wakazichoma asubuhi moja, mchana akarudi nyumbani akakalia mto, na jioni nikasikia kupitia ukutani, "Na sasa, kutoka kule kabatini, tuipokee…" na kopo likirushwa. Nikalala vizuri.

Mama wa meno naye alimngoja, hakutoa nafasi yake. Akapasua ufizi, akaweka unga wake wa mfupa, akashona. Kipaza alivimba shavu kama ameficha embe. Wakangoja miezi na miezi, akila uji na kupigwa picha za taya. Siku mama wa meno aliposema mfupa umeshika kama mwamba, waliandika kwamba umeshika, na wakamskrubia meno mawili meupe.

*

Alirudi nayo mchana. Msusi alikuwa mlangoni na wateja wawili, mmoja magotini, mwingine anangoja zamu na nywele amezitimua. Mama yake alikuwa na sahani ya mchele anachambua. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima kitana, ambacho sina kazi nacho.

Kipaza alisimama kizingitini. Akatabasamu polepole, kama mtu anayefungua pazia.

"Heeee!" tukasema sote.

"Mabibi," alisema, na hakuna hata tone lililoruka, "sifa hizi si za kwangu. Nasimama hapa kumsifia shujaa wa nyumba hii. Mimi nilikimbia. Naungama mbele yenu. Nilikimbia kipimo, na kama si mwanamke huyu ningekuwa na meno mazuri kaburini. Yeye hakimbii. Kila mwaka anakwenda, kila mwaka anapanda kitanda, miguu juu, anashuka, anarudi kazini. Ninyi mnaomsikia, mnakwenda?"

Wateja wakaangalia chini. Mimi nikaangalia kitana.

"Acha basi," alisema Msusi, lakini alinyoosha mgongo na uso ukamng'aa. "Ni jambo la kawaida. Mwanamke ni kujikaza."

"Leo tulipokuwa tunangoja, nesi alitukalisha wanaume wote akatufundisha jinsi wake zetu wanavyopimwa. Nilijivuna! Nikawaambia, wa kwangu ni mzoefu." Akamgeukia mkewe. "Hebu waambie hawa wasiogope. Ile siki, inawasha?"

"Siki gani?" alisema Msusi.

"Siki. Si wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanangoja kidogo, penye kasoro panageuka peupe? Nesi amesema hapo hospitali yetu ndicho kipimo chenyewe, hawana kingine."

Vidole vya Msusi vilisimama katikati ya kichwa cha mtu. Mteja aliyekuwa magotini akajaribu kugeuza shingo aone. Mama yake Kipaza aliacha mchele, akamtazama mkwe wake, macho mawili makavu.

"Aaa, hiyo," alisema Msusi. "Hiyo naijua."

"Inawasha?"

"Kiasi."

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "mwaka huu wamekupaka siki?"

Msusi alishika uzi wa nywele, akauachia, akaushika tena.

"Mwaka huu siki ilikuwa imekwisha," alisema. "Mimi walinipaka ndimu."